Ikisiri Ndiyo Inayokuombea Nafasi

Ukiomba kuwasilisha kwenye kongamano la utafiti la wanafunzi wa shahada ya kwanza, kamati haikuoni wewe wala maabara yako. Inasoma ikisiri tu, yaani muhtasari wa utafiti wako wa maneno 150 hadi 300 hivi, na anayeisoma huenda si wa fani yako. Kazi ya isimu inaweza kuangukia mikononi mwa mwanafizikia. Vifupisho mlivyozoea darasani viandike kwa kirefu au viache.

Kabla hujafungua fomu, nenda kwa msimamizi wa utafiti wako. Fomu nyingi humtumia baruapepe ya kuthibitisha, na asipobofya kiungo, ombi halijakamilika hata kama wewe ulishatuma. Mpe rasimu wiki 2 kabla ya tarehe ya mwisho. Data huenda ni za mradi wake, na pengine hataki matokeo fulani yatoke kabla makala haijachapishwa. Hapo hapo mwulize nani wataingia kama waandishi wenza na kwa mpangilio gani. Kama ulihoji watu, kibali cha maadili kinatangulia ukusanyaji wa data, hakiombwi kinyumenyume.

Kwenye ikisiri yenyewe, kinachowaangusha wengi ni usuli kumeza nafasi yote. Sentensi 2 zinatosha, kisha swali, mbinu, matokeo na maana yake. Linganisha: “Matokeo kuhusu uotaji wa mbegu yatajadiliwa,” na “Kati ya mbegu 200 za maharage, zilizolowekwa kwa saa 12 ziliota siku 2 mapema kuliko zilizopandwa kavu.” Ya kwanza ingeweza kuandikwa kabla hata mbegu moja haijanunuliwa, na mhakiki analijua hilo. Hujamaliza? Andika ulichokwisha kupata na useme wazi kwamba ni matokeo ya awali. Makongamano mengi ya wanafunzi hupokea kazi inayoendelea.

Andika kwanza kwenye faili lako, ndipo unakili kwenye fomu. Baadhi ya fomu huhesabu herufi pamoja na nafasi, na ukizidisha hukata mwisho, yaani pale pale matokeo yalipo. Italiki na vipeo navyo hupotea: 10⁶ hugeuka 106, na bakteria milioni moja wanabaki mia na sita. Soma ukurasa wa mapitio kabla ya kutuma.

Uwasilishaji wa mdomo kwa kawaida ni dakika 10 hadi 15, mara nyingi maswali yakiwemo, na nafasi zake ni chache. Kazi yenye ramani, picha au grafu nyingi hupumua vizuri zaidi kwenye bango, yaani karatasi kubwa inayobandikwa ubaoni ukiwaeleza wanaopita. Fomu ikikuruhusu kuchagua “chochote kati ya hivyo”, chagua hicho.

Usibuni bango kabla ya kupewa vipimo. Karatasi ya ukubwa wa A0, milimita 841 kwa 1189, ni ya kawaida, ila wima au ulalo hutegemea mbao za kongamano. Bango la ulalo kwenye ubao mwembamba wa wima hutokeza pembeni na kumfunika jirani.

Ukikubaliwa, jibu barua ya kuthibitisha ndani ya muda uliotajwa. Ukikaa kimya, nafasi huenda kwa aliye kwenye orodha ya kusubiri.