Acheni Kuifukuza Darubini: Kwa Wageni wa Renji

Jumamosi iliyopita nilikaa kivulini pale renji, uwanja wetu wa kulenga shabaha, nikamtazama kijana akipiga risasi moja, anazungusha nobu ya darubini ya bunduki yake, anapiga nyingine, anairudisha alikoitoa. Kufika adhuhuri karatasi yake ilikuwa kama imeliwa na mchwa, na boksi la risasi limekwisha. Bei ya risasi mnaijua. Nilinyamaza kwa sababu wenzake walishaanza kumcheka, lakini kila mwaka wanakuja wapya na makosa ni yaleyale, basi leo naandika.

1. Usiguse darubini kabla ya kundi la risasi tano. Kliki moja ya nobu, ya robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa), kwenye mita 100 ni kama milimita 7. Bunduki yako inatawanya sentimita 6, sasa hizo milimita 7 unamfukuza nani? Piga tano kwa lengo lilelile, tafuta katikati ya kundi, ndipo usogeze.

2. Skrubu. Za mbao (kitako na pale mtutu unapolala) na za pete zinazoshika darubini, zikazwe kwa spana yenye kipimo na kwa kiwango alichoandika mtengenezaji. Basi.

3. Mbao. Hapa sisi watu wa Mombasa tuna shida ambayo wenzetu wa bara hawaijui. Mbao hunywa unyevu, na mvua za Aprili na Mei zikishika, inavimba mpaka inaugusa mtutu. Mtutu hutikisika kila ukipiga. Ukiguswa upande mmoja, mtikisiko unabadilika, na ukipata joto kundi linaanza kutembea lenyewe. Kuna jamaa alishuka na bunduki yake kutoka Nanyuki, kwao anapiga vizuri mno, huku risasi zikawa zinapanda kulia. Siku nzima analaumu upepo. Tulichukua noti ya shilingi hamsini tukaipitisha kati ya mtutu na mbao, ikakwama nusu ya njia. Kumbe! Msasa uliozungushiwa kijiti, dakika chache, kisha vanishi. Na vanishi ipakwe hata ndani, pale mnapopasahau wote kwa kuwa hapaonekani. Lakini mwenye Lee-Enfield, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Waingereza, asikimbilie msasa: zile ziliundwa mbao ikiusukuma mtutu kwa mbele makusudi, na ukishakwangua hakuna wa kukurudishia.

4. Kusafisha. Hili nalisema taratibu kwa sababu bado linaniuma.

Bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwa mzee mmoja wa renji, leseni na karatasi zote sawasawa. Kundi lake la risasi tano, mita 100, mzee alikuwa akilifunika kwa kizibo cha soda. Mimi naishi karibu na bahari, na kutu ilikuwa inaninyima usingizi. Basi kila jioni, nimepiga sijapiga, nasafisha. Nilikuwa na ufito wa chuma wa vipande vya kuunganisha, na kwa uvivu wa kutoa bolti, kile chuma cha nyuma kinachofunga chemba ya risasi, nikawa nauingiza kwa mdomo wa mtutu. Ufito ule ukisukumwa unapinda, na kila ukipinda unasugua ukingo wa mdomo, upande uleule.

Ukingo ule ndio mahali pa mwisho risasi inapogusana na bunduki. Ukiwa sawa pande zote, moshi wa baruti unatoka kwa pamoja kuizunguka risasi. Ukiliwa upande mmoja, moshi unawahi kutokea huko na kuisukuma risasi matakoni, nayo inaondoka imeyumba. Mimi wakati huo sijui. Naona tu kizibo cha soda kimekuwa kisahani cha chai. Nikalaumu risasi, nikanunua za bei zaidi. Nikalaumu darubini, nikaiuza kwa bei ya kutupa. Mwisho nikamlaumu mzee. Nikawaambia watu, tena kwa sauti, kwamba ameniuzia bunduki iliyokwisha.

Maneno yakamfikia. Akaja asubuhi moja, akasalimu, akaomba kuiona. Alihakikisha chemba ni tupu, akatoa bolti, akachukua kijiti cha pamba cha masikio akakizungusha polepole pale mdomoni. Nyuzi za pamba zikanasa upande mmoja. Akanionyesha, akauliza, “Mwanangu, unaisafishia wapi?” Sikuwa na jibu. Fundi mwenye leseni aliukata mdomo kidogo akauchonga ukingo upya, na kundi likarudi karibu na lilivyokuwa. Darubini haikurudi. Nikalazimika kumwomba mzee radhi mbele ya walewale niliowaambia, na wawili kati yao hadi leo wakiniona na ufito wanakohoa.

Kwa hiyo: toa bolti, ingiza ufito kwa nyuma, tumia lile bomba la plastiki la kuuongoza, na kitambaa kikishatoka mbele usikirudishe ndani. Mafuta membamba yanatosha kwa chumvi ya hewa yetu, na uyapanguse ndani ya mtutu kabla ya kupiga. Na msinichekee, najua nani kati yenu ana ufito wa vipande kwenye begi.

5. Triga unaibana polepole, huinyakui.

6. Shavu likae palepale kwenye mbao kila mara, la sivyo msalaba wa darubini utakudanganya.

7. Mtutu ukiwa moto usioshikika, weka bunduki chini, bolti wazi, ukanywe maji. Vijana hamtaki kupumzika kwa sababu mmelipia saa. Saa mnayolipia kupiga kwa mtutu wa moto mnaitupa baharini.

8. Risasi ziwe za toleo moja. Namba iko kwenye boksi. Hata kampuni ileile, toleo likibadilika piga kundi jipya kabla ya mashindano, wala usiniombe zangu asubuhi ya siku yenyewe. Sitoi.