Shangazi, sili mchana ili pesa zifike mwisho wa mwezi

Shangazi mpendwa,

Nina miaka 38, nimeolewa, tuna watoto 3. Tangu uchumi uanze kudorora, mume wangu amepunguziwa siku za kazi kutoka 5 hadi 3, na mshahara umeshuka kwa kiasi hicho hicho. Mimi bado nina kazi, ila nyongeza zimesitishwa. Anayeshika pesa ya matumizi nyumbani ni mimi, hivyo nimekaza mkanda kila ninapoweza. Nazima taa, nawagombeza watoto wakiacha chaja kwenye soketi, nanunua vitu kwa jumla kama rafiki zangu walivyonishauri. Huu ni mwezi wa pili sasa sili mchana nikiwa kazini, na jioni nawaambia nimeshiba, nimekula huko huko. Hakuna anayejua.

Mwezi uliopita mume wangu akaleta televisheni mpya, ya mkopo. Nilipomuuliza alisema watu wote wakiacha kununua uchumi utazidi kuanguka, na mambo yatatengemaa tu. Nikanyamaza. Namwonea huruma, naona anavyoteseka kukaa nyumbani siku ambazo wenzake wapo kazini. Lakini akiba yetu inaisha na mimi nimechoka. Nikaze wapi tena?

Mkaza Mkanda

Mwanangu Mkaza Mkanda,

Barua yako nimeisoma mara 3, na kila nikifika pale pa kula nasimama. Kesho mchana ule. Ule kabla hujafanya jambo lingine lolote nitakalokuandikia hapa. Kipato chenu sasa kinaegemea zaidi upande wako, na mtu mwenye njaa hukosea kazini, hukasirikia watoto, huugua. Siku moja ya kulala kitandani, ukihesabu dawa na kazi iliyokupita, inaweza kumeza yote uliyookoa kwa kuruka milo ya wiki nzima. Na hata kama isingekuwa hivyo, bado nisingekubali. Wewe nawe ni mmoja wa watu wa nyumba hiyo unayoilinda.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza ukaze wapi tena. Nikitazama ulipokaza, naona umekaza sana pale panapokuumiza wewe, na pesa inayopatikana hapo ni kidogo. Panapovuja sana hujapagusa, kwa sababu hupafikii peke yako. Panahitaji mume wako akae mezani nawe.

Tuchukue hizo chaja. Betri ya simu ya kawaida hubeba umeme wa kama wati 15 kwa saa moja. Birika la umeme la wati 2,000 linamaliza kiasi hicho kwa muda usiofika nusu dakika. Umeme wa nyumbani huliwa hasa na vitu vinavyotengeneza joto au baridi: hita ya maji, pasi, jiko, kipoza hewa, friji kuukuu ambayo mpira wa mlango umelegea. Kwa hiyo waache watoto na chaja zao. Chemsha maji unayohitaji tu, funika sufuria, piga pasi nguo nyingi kwa mara moja, na kama mashine ya kufulia inapasha maji, fulia maji baridi, maana sehemu kubwa ya umeme wake huenda kwenye kupasha. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 10,000 kwa mwaka, na mara nyingi dawa yake ni kipira kidogo ambacho mume wako anaweza kukibadilisha katika mojawapo ya siku 2 za wiki anazobaki nyumbani. Ukifanya hivyo, magomvi 7 kwa wiki juu ya chaja yatakwisha, na bili itashuka kuliko ilivyoshuka kwa magomvi.

Kununua kwa jumla nako kuna mtego. Mfuko mkubwa si lazima uwe nafuu. Gawanya bei kwa uzito au kwa idadi, ulinganishe na ule mdogo, na usishangae ukikuta mdogo umeshinda. Hata mkubwa ukishinda, ununue tu kitu kisichoharibika ambacho tayari mnakitumia kila wiki: nafaka kavu, sabuni, karatasi za chooni. Kitu kinachooza kikinunuliwa kwa wingi ni hasara iliyoahirishwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 majumbani peke yake kulitupwa tani milioni 631 za chakula, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu. Fikiria nyumba ya watu 5. Nina hakika ninyi hamtupi kiasi hicho, ila nakuomba kwa wiki moja uandike kila kinachoishia kwenye pipa la taka, na sababu yake. Utagundua mambo mawili matatu yanajirudia: chakula kilichopikwa kikazidi, mboga iliyosahaulika nyuma ya friji, kitu kilichonunuliwa kwa sababu bei ilishushwa. Ukishayajua hayo, orodha yako ya ununuzi itajiandika yenyewe. Anza kupika kwa kuangalia kilichopo, ndipo uende dukani kwa kinachopungua. Na usiende ukiwa na njaa, sababu nyingine ya kula mchana.

Basi, hayo ya jikoni na soketi yanatosha. Mengine unayajua kunishinda.

Tuje kwenye televisheni. Sitamsema vibaya mume wako, na wewe pia usianze hivyo. Mtu aliyezoea kutoka asubuhi kwenda kazini, akaambiwa siku 2 abaki nyumbani, hutafuta kitu cha kumwambia kwamba bado anaweza kuleta kitu nyumbani. Nadhani televisheni ile ilikuwa hiyo. Lile neno lake kuhusu uchumi si la kuzua. Wachumi wanalijua, na John Maynard Keynes alilieleza mwaka 1936: watu wote wakibana matumizi kwa wakati mmoja, biashara hukosa wateja, zinapunguza wafanyakazi, na hali inazidi kuwa mbaya. Lakini dawa ya hilo iko mikononi mwa serikali na benki kuu, zenye uwezo wa kutumia pale ambapo watu hawana. Familia iliyopoteza siku 2 za mshahara haidaiwi kuuinua uchumi kwa mkopo wa televisheni. Mwambie hivyo kwa upole, na mwambie pia kwamba alichosema kina ukweli. Mtu husikiliza zaidi akiona amesikilizwa.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yenyewe yamo kwenye riba. Asilimia 2 kwa mwezi inasikika kama kitu kidogo. Deni la 100 kwa riba hiyo, lisipolipwa na riba ikizidi kujumlishwa, baada ya miezi 36 linakuwa 204. Ndiyo maana nataka mtafute mkataba wa televisheni na kila mkataba mwingine wa deni ulioko ndani ya nyumba, msome vitu vitatu: riba ni kiasi gani, imebaki miezi mingapi, na adhabu ya kuchelewa ni ipi. Ulizeni pia kama mnaweza kuirudisha, au kuiuza na kupunguza deni. Ikishindikana, basi ikae, mlipe, na isiwe silaha ya kumchoma nayo kila mkigombana.

Mkiona mwezi fulani marejesho hayatatosha, piga simu kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, si baada yake. Mteja anayeomba kupangiwa ratiba upya kabla hajakosa kulipa huwa na nafasi nzuri kuliko anayekimbia simu. Ila wakikupunguzia malipo ya kila mwezi kwa kurefusha muda, ulizeni jumla mtakayokuwa mmelipa hadi mwisho. Mara nyingi inaongezeka. Wakati mwingine ni afadhali kukubali, ili mpumue, lakini mkubali mkijua.

Sasa kikao chenyewe. Hapa ndipo ninapotaka utumie nguvu ulizokuwa ukizipeleka kwenye njaa. Chagua siku watoto wamelala au wametoka, wote wawili mmekula, na hakuna aliyetoka kugombana. Usiseme "unatumia ovyo". Anza na lako: mwambie ulikuwa huli mchana. Najua hilo ndilo gumu kuliko yote, na najua utataka kuliruka. Usiliruke. Yeye anaamua akidhani nyumba inakwenda sawa, kwa sababu wewe umemfichia isivyokwenda. Umemfichia kwa huruma, lakini matokeo ni kwamba mnaishi katika nyumba mbili tofauti, ya kwake ina pesa na ya kwako haina.

Kisha toeni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenu pesa zimekuwa zikipotea hivyo, wala si kwa kosa la mmoja. Andikeni kinachoingia sasa, kwa siku 3 za kazi yake, na msiandike kilichokuwa kikiingia zamani. Chini yake andikeni vile ambavyo visipolipwa kuna madhara: nyumba, chakula, umeme na maji, nauli ya kazini na shuleni, dawa, madeni. Halafu fungueni taarifa ya benki au ya simu ya miezi 3 iliyopita na mtafute pesa inayokatwa yenyewe. Vifurushi vya filamu ambavyo hakuna anayetazama, programu za simu, ada ya mazoezi ya mtu asiyekwenda, huduma mlioanza kwa majaribio ya bure mkasahau. Hizi huuma kidogo sana kuzikata na hurudi kila mwezi, ndiyo maana mimi huzipenda kuliko akiba ya kuzima taa. Zile mnazobaki nazo, kama intaneti na bima, pigeni simu mwulize kama kuna kifurushi cha chini. Kwa bima, hakikisheni kwanza kile kitakachoondolewa mnaweza kuishi bila kukilipiwa.

Kuna vitu nawaomba msiviguse. Dawa za kila siku, bima ya afya kama mnayo, matengenezo ya kitu kinachowaletea kipato, na meno. Meno nayataja kwa sababu yangu. Mwaka 2009, katika mtikisiko ule ulioanza na benki za Marekani, nilibana matumizi nikaahirisha kuziba jino moja. Nilijivunia kabisa. Baada ya miezi 8 nililipia kung'oa, dawa na siku za kazi nilizokosa, na yote kwa mkopo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mimi niliujenga.

Kwenye lile daftari wekeni mistari miwili ambayo watu husahau. Wa kwanza ni akiba ndogo ya dharura, hata kabla hamjaongeza kasi ya kulipa madeni. Ikitosha kutengeneza kitu kimoja kikiharibika, inatosha kuanzia. Bila hiyo, friji ikifa mtarudi kwenye mkopo, na kazi yote ya miezi inafutika. Iwekeni mahali panapohitaji hatua kidogo kuifikia, isiwe pamoja na pesa ya matumizi. Mstari wa pili ni pesa ya mkononi kwa kila mmoja wenu, kiasi sawa, hata kikiwa kidogo sana, ambacho hakiulizwi kimetumikaje. Yeye anunue anachotaka, nawe pia. Nimeona mipango mingi mizuri ya matumizi ikivunjika kwa sababu haikumwachia mtu nafasi ya kupumua, na mtu asiyepumua huficha risiti.

Zile siku 2 zake nazo ziingie kwenye mpango. Sisemi akakimbilie biashara mpya, maana mtaji wa kupoteza hamna. Nasema kuna kazi ambazo mnazilipia, au ambazo wewe unazifanya usiku ukiwa umechoka, na yeye yupo: kupika, kufuatilia bei, kutengeneza bomba, kupeleka na kurudisha watoto. Mwombe achukue ununuzi wa wiki uwe wake kabisa, na orodha na pesa yake. Atakayepanga foleni na kuona bei zilivyopanda hatahitaji kuelezwa tena. Na atakuwa analeta kitu nyumbani.

Watoto nao waambieni, kwa maneno yanayolingana na umri wao: pesa imepungua, baba na mama wanapanga, chakula kipo, hakuna anayehama. Wanajua tayari kuna jambo. Wameona mama haketi nao mezani.

Hujaniuliza kuhusu uchovu wako, umeutaja tu mwishoni. Miezi 2 umebeba hesabu ya watu 5 kichwani peke yako, bila chakula cha mchana, huku ukitabasamu. Yeyote angechoka. Katika kikao hicho usikubali kutoka na daftari hilo likiwa bado lako peke yako. Mwezi huu liwe lako, mwezi ujao liwe lake.

Niandikie mkishakaa. Nataka kujua alisema nini ulipomwambia kuhusu mchana.

Shangazi yako