Maswali yenu kuhusu maua ya msitu wa Amani

Mvua zikianza tu kunyesha Usambara, maswali ya wanaotaka kwenda kutembea Amani kutafuta maua yanamiminika. Leo najibu machache.

Nina wikiendi moja tu, niende lini?
Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo kukavu kabisa hakuna. Mimi nakushauri vuli, Oktoba mpaka Disemba. Masika nayo maua yapo kibao ila barabara ya kupanda kutoka Muheza ikilowa inateleza balaa, gari dogo linaweza kukwama.

Violeti ya Usambara nimeitafuta sana nikaikosa, inajificha wapi?
Acha kutafuta penye jua ndugu yangu. Yenyewe inakaa kwenye mwamba wenye kivuli na unyevu, mara nyingi karibu na kijito, mizizi imeshika kwenye ufa wenye udongo kiduchu tu. Chuchumaa kabisa. Utaona majani ya mviringo yenye vinyweleo yamelala kwa duara, halafu katikati yanachomoza maua ya zambarau, petali tano, mbili za juu ndogo kuliko tatu za chini, na hapo kati kuna vifuko vya chavua vya njano iliyokolea. Ukiona hivyo ndo yenyewe, na ndo chimbuko la yale maua ya vyungu yanayouzwa Ulaya na Marekani, maana mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku Tanga, aliyapeleka kwao na mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, akayapa jina la kisayansi. Kinachoniuma ni kwamba huko yamejaa madirishani, lakini hapa kwao yanaishi kwa kivuli cha miti mikubwa, mti ukikatwa jua likapiga ule mwamba basi yanakauka.

Siwezi kung'oa kashina kamoja tu nikapande Dar?
Hapana, tafadhali sana. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Nunua kwa wauza miche, kisha kata jani moja na kikonyo chake, chomeka kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa litatoa miche mipya.

Binti yangu kagusa kitunda cha ua la pinki kando ya maji kikapasuka, kuna shida?
Hamna shida mama, hiyo ni impatiens, ndo inavyorusha mbegu zake kikishaiva. Mwonyeshe na nyuma ya ua, kuna kamkia kembamba, humo ndo nekta, yale maji matamu ya ua, inakaa.

Lantana nayo niihesabu kama ua letu la asili?
Hapana, hiyo imetoka Amerika. Na kuna nyingine ya huko huko inayonitia wasiwasi zaidi, Clidemia, kichaka chenye majani ya manyoya na vitunda vya bluu iliyokolea, kikitanda chini ya miti mimea ya asili inakosa nafasi. Kabla hujaingia msituni na ukitoka, kwangua matope kwenye viatu, maana mbegu zake ni ndogo mno na zinasafiri humo.