Jibu: Barua ya kuomba barabara ipewe jina la mama yetu imekwama

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, mmeomba barabara ya mtaani kwenu hapa Moshi ipewe jina la yule mama mkunga, barua ikafika manispaa, kisha kimya.

Kwanza angalia: mliambatisha muhtasari wa mkutano wa mtaa, wenye sahihi za mahudhurio na muhuri wa mtendaji? Sisi tulipoomba barabara yetu ipewe jina la mzee wetu, tulipeleka barua na picha yake tu, kapendeza kweli na koti lake la Krismasi, ikarudishwa. Tukaanza upya mtaani, ndipo ikapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Huko mwenyekiti ni diwani, kwa hiyo mwoneni mapema. Kutoka kata ombi huenda baraza la madiwani, nalo hukaa kila baada ya miezi 3.