Kiwanja cha Bomang'ombe kisiuzwe kwanza

Mjomba shikamoo, na wote mlioko Moshi habari za siku. Mjomba ameniuliza swali moja tu na silizunguki: auze kiwanja cha Bomang'ombe ili mdogo wangu aje Kanada kusoma uhandisi wa umeme na kompyuta kama mimi? Jibu langu ni hapana. Kwa shahada ya kwanza, hapana.

Hela kwanza. Ada ya uhandisi kwa mgeni, vyuo vingi huku inapita dola 30,000 za Kanada kwa mwaka, na vile vikubwa vya Ontario inapita 60,000. Shahada ni miaka minne. Kabla hajapewa kibali cha kusoma, serikali inataka ionyeshwe dola 22,895 za kujikimu, mbali na ada. Mimi nalipiwa na wafadhili. Ningekuwa najilipia ningeshafungasha zamani. Najua mtasema atabeba boksi, yaani afanye vibarua. Muhula ukiwa unaendelea, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 kwa wiki, na kima cha chini Ontario ni dola 17.60 kwa saa. Pigeni hesabu, halafu mtoe kodi ya chumba, chakula na nauli. Ada mtaitoa wapi?

Masomo yenyewe, PCM ya kwetu (fizikia, kemia na hisabati) haimwangushi mtu. Hesabu za Laplace na Fourier atazimudu. Kitakachomnyima usingizi ni maabara. Wenzake wameanza kuchezea Arduino, vile vibodi vidogo vya kujifunzia elektroniki, wakiwa sekondari, yeye osiloskopu, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, ameiona kwenye picha. Umeunganisha saketi yako kwenye bredibodi, kibao cha kujaribia saketi, na ulipoijaribu kwenye kompyuta ilikubali vizuri, lakini mawimbi kwenye skrini yanarukaruka tu. Unabadilisha kapasita, unabadilisha waya, jirani yako ameshaondoka, kumbe klipu ya ethi imening'inia hewani. Halafu usiku uandike ripoti.

Kuna jambo mafundi wa Mbuyuni watalifurahia. Huku waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ndio nyutro, yaani wa kurudishia umeme. Nyumba za zamani hapo Moshi moto ni mwekundu na mweusi ni nyutro. Fundi wetu akija huku akashika mweusi kwa mazoea, atajua hajui. Na si rangi tu. Umeme wa majumbani huku ni volti 120 na hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde), kwetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma iliyopigiwa hesabu ya hezi 60, ukiipeleka kwenye 50 kwa volti zilezile, chuma chake kinazidiwa na sumaku na inachemka. Mtu anayetaka baadaye kufanya kazi Tanesco, shirika letu la umeme, au pale bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, atalazimika kujifunza upya vitu ambavyo aliyesoma Dar anavijua kutoka fildi, yaani mafunzo ya kazini.

Baridi mnaiulizia sana. Koti zuri linatosha, na aliyekulia Kibosho, kule mlimani, hashangai sana.

Ningekuwa mimi, angesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au hapo chuo cha ufundi Arusha Technical, ambao wana pia kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa. Aombe mkopo bodi ya mikopo, HESLB, afaulu kwa GPA (wastani wa alama) ya maana, ajisajili bodi ya wahandisi, ERB. Kisha aje kwa uzamili wa utafiti. Huko ndiko wazungu wanakotoa hela: profesa akikutaka, mara nyingi anakulipa posho, na unasaidia kusahihisha kazi za wa mwaka wa kwanza. Barua pepe za kuwaomba hao maprofesa nitamsaidia kuandika, hilo niachieni mimi.

Dirisha la kuomba vyuo la TCU, tume ya vyuo vikuu, likifunguliwa anipigie jioni ya huko, huku itakuwa mchana. Awe na matokeo yake mkononi, tupange machaguo pamoja. Na mjomba, yule dalali mwambie kiwanja hakiuzwi.