Kabla hujaikatia baiskeli yako bima

Nianze na jambo ambalo ajenti hana haraka ya kukwambia: baiskeli ya shilingi elfu kumi na mbili haihitaji bima. Anayehitaji bima ni yule aliyeipanda. Mimi naishi Tudor, hapa Mombasa, kazi yangu iko karibu na Marikiti, na baiskeli ndiyo gari langu kwa miaka mingi sasa. Watu walikuwa wakinisimamisha kuniuliza bei ya tairi. Siku hizi, kwa kuwa baiskeli nzuri za mtumba zimejaa mjini na nyingine bei yake inakaribia ya pikipiki, wananiuliza kuhusu bima.

Kisheria hudaiwi chochote. Ile sheria ya bima ya lazima, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inahusu vyombo vya moto. Baiskeli ya kupiga pedeli haimo, na hakuna askari atakayekusimamisha Digo Road akuulize stika. Lakini kwa kuwa si lazima, si rahisi kupata kampuni inayouza bima ya baiskeli peke yake, na ukiipata, kile kima cha chini cha ada hukufanya ujiulize kama si afadhali kununua kufuli la maana. Njia iliyozoeleka ni kuiingiza baiskeli ndani ya bima ya nyumba.

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hivyo nitakaa kidogo. Bima ya nyumba ina vifungu. Kuna cha jengo, ambacho mpangaji hakimhusu, hilo ni shauri la mwenye nyumba. Kuna cha vyombo vya ndani. Kuna cha vitu unavyotoka navyo, kama simu, kompyuta, saa ya mkononi. Kisha kuna mfanyakazi wa nyumbani na dhima yako kwa watu wengine, yaani fidia unayodaiwa ukimdhuru mtu. Baiskeli ikiandikwa kwenye vyombo vya ndani, inalindwa ikiwa ndani tu, na mara nyingi wizi wenyewe lazima uwe wa kuvunja. Ajenti wangu, binti mmoja mwerevu sana, aliniuliza swali moja tu siku ya kwanza: "Ami, baiskeli usiku inalala wapi?" Nikamwambia kwenye ngazi, ghorofa ya kwanza, nimeifunga kwenye chuma. Akatikisa kichwa. "Hapo si ndani, Ami. Ngazi ni ya wapangaji wote."

Wangapi tunaoishi kwenye maghorofa ya Tudor, Kizingo na Majengo tuna nafasi ya kuingiza baiskeli sebuleni? Kwa hivyo kama yako inalala ngazini au uani, na mchana unaiacha nje ya ofisi au msikitini, kifungu unachokitaka ni kile cha vitu unavyotoka navyo. Ada yake huwa juu zaidi, na baiskeli lazima iorodheshwe peke yake: aina, rangi, thamani, na nambari ya fremu. Nambari hiyo kwa kawaida imegongwa chini, pale pedeli zinapoingia kwenye fremu. Igeuze baiskeli, futa grisi, piga picha leo hii.

Thamani nayo ina mtego. Tuseme baiskeli yako ni ya 60,000 nawe ukaandika 30,000 ili ada ipungue. Ikigongwa, matengenezo yakawa 10,000, kampuni ina haki ya kukulipa 5,000, kwa sababu umeikatia bima nusu tu. Halafu kuna kile kiasi unachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Ukikuta kiasi hicho si chini ya 5,000 na baiskeli yako ni ya 12,000, piga hesabu mwenyewe. Uliza pia kama ikiibiwa wanalipa bei ya mpya au wanatoa uchakavu kwanza. Swali hili liulize kwa maandishi, WhatsApp inatosha, na jibu ulihifadhi.

Sasa kutu. Sisi tuko kisiwani. Ukivuka Likoni kila siku, baiskeli inapigwa na chumvi kwenye feri asubuhi na jioni, na mnyororo unageuka rangi ya mkaa wa moto usipoutia mafuta. Mikataba ya bima haigusi kutu wala kuchakaa kwa taratibu. Spoku zikikatika kwa kutu, hiyo ni kazi ya fundi na mfuko wako. Angalia pia maneno kuhusu vipande: mikataba mingine hailipi kiti au gurudumu likiibiwa peke yake na fremu ikaachwa. Kwa Mombasa, ambako gurudumu la kuchomoa kwa mkono halikai dakika kumi nje ya soko, kifungu hicho ndicho cha kusoma mara mbili.

Yangu moja iliibiwa Kongowea, kufuli limekatwa. Nilikwenda polisi siku ile ile, nikaandikisha, nikapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na baadaye abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha kuwa niliripoti. Kampuni ilitaka abstrakti hiyo, risiti ya kununulia, picha, na funguo zote mbili za kufuli. Funguo! Wanataka kuhakikisha uliifunga. Risiti ya mtumba ndiyo inayowashinda wengi, maana pale uliponunua mwenye kibanda hana kitabu cha risiti. Mwambie aandike kwenye karatasi ya daftari, jina, tarehe, bei, nambari ya fremu, atie sahihi, nawe umlipe kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki kuwa ushahidi. Walinilipa, wakakata uchakavu, na walichukua muda wao. Sikufurahi, lakini mkataba ulisema hivyo na niliusoma kabla sijatia sahihi.

Ukiwa na baiskeli ya kazi, ya kupelekea mikate madukani au kuuzia madafu, usijifiche kwenye bima ya nyumba. Bima hiyo ni ya matumizi ya kibinafsi, na wakigundua baiskeli ina keria la kreti sita, dai lako limekufa. Na kama umeajiri kijana aiendeshe, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, ile watu huiita WIBA, inakutaka mwajiri umkatie bima yeye. Hapo si hiari.

Narudi kwenye mwili wa anayeipanda. Kwa mpanda baiskeli wa kawaida, pesa yangu ya kwanza ningeiweka kwenye bima ya ajali binafsi. Inalipa ukifa, ukipata ulemavu, na nyingi zinachangia matibabu na malipo ya kila wiki unapokuwa kitandani. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni ya hospitali. Hailipi kodi ya nyumba wakati mguu uko kwenye plasta. Matatu ikikugonga pale Buxton, bima yake ya lazima inahusu kifo na majeraha yako, lakini sheria haiilazimishi kulipa baiskeli. Kwa hivyo ukiweza kusimama, piga picha nambari ya gari kabla halijaondoka. Na ukimgonga wewe mama wa watu anayevuka na kikapu? Uliza kama dhima yako kwa watu wengine imo. Katika bima ya nyumba mara nyingi imo tayari, na ni kifungu cha bei ndogo ambacho hakuna anayekisifia.

Wapo wanaoniuliza kuhusu riba, na mji huu ni haki waulize. Takaful, bima ya Kiislamu, ipo Kenya. Takaful Insurance of Africa inafanya kazi hiyo tangu 2011. Mchango wako unaingia kwenye mfuko wa pamoja kwa nia ya kusaidiana, na hauwekezwi kwenye riba. Masharti ya baiskeli uliza yale yale: inalala wapi, thamani gani, kiasi gani unajilipia.

Kulipa. Sheria ya bima ya Kenya, kifungu cha 156, inasema kampuni haibebi hatari kabla ada haijalipwa. Ajenti akikwambia "utalipa mwisho wa mwezi, Ami, umeshaingia", bado hujaingia. Lipa kwenye Paybill ya kampuni, si kwenye simu ya mtu. Juu ya ada utaona vijipesa vingine: asilimia 0.2 ya ada kwa ajili ya mafunzo ya bima, asilimia 0.25 kwa mfuko wa kufidia wenye bima kampuni ikifilisika, na stempu ya shilingi 40. Hizo ni halali, usigombane. Ukiona kitu kingine kimeongezwa kwa jina la "ada ya kufungua faili", hapo gombana.