Shokapu ya Nyuma ya Pikipiki ya Zamani: Tazama Rodi Kwanza

Honda XR250 zilizozeeka hapa Unguja si chache. Zimebeba watalii kwenda Nungwi na Paje mpaka zikachoka, kisha zikasukumwa nyuma ya nyumba kungojea mtu mwenye subira. Mimi nimeifufua moja, na kazi iliyonitaka akili kuliko injini ni shokapu ya nyuma. Nayaandika haya kwa mwenzangu anayeanza, iwe ana Honda XR au XL, au Yamaha DT.

Kwanza hakikisha kwamba shokapu ndiyo mbovu kweli. Pikipiki hizi zina shokapu moja katikati, na chini yake mna viungo ambavyo Honda wanaviita Pro-Link. Ndani ya viungo hivyo mna beringi za sindano. Grisi ikikauka na maji ya chumvi yakaingia, beringi hushika, na nyuma pakawa pagumu kama gari la ng'ombe. Ng'oa shokapu, acha viungo mahali pake, kisha pandisha na ushushe gurudumu kwa mkono. Likienda kwa kukwama, anzia hapo. Beringi na grisi ni gharama ndogo ukilinganisha na shokapu.

Ikiwa ni shokapu yenyewe, jua kwamba maduka ya Darajani na Mwanakwerekwe yana nyingi za Boxer na TVS, zile za mbili mbili za pembeni. Hazitakufaa, na nyingi zimefungwa kiwandani moja kwa moja, hazifunguliki. Unayoitaka utaipata kwenye pikipiki iliyokufa shamba, au uvuke kwenda Kariakoo, upande wa Gerezani. Boti kutoka Malindi ni kama saa mbili tu, basi nenda mwenyewe. Usinunue kwa picha ya simu. Kabla ya kuondoka, pima ya zamani: urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, upana wa kila jicho, na unene wa bolti. Usiuchukulie urefu kijuujuu. Kwa sababu ya vile viungo, milimita 10 kwenye shokapu huwa milimita 25 au hata 30 kwenye gurudumu, na pikipiki inabadilika tabia.

Sasa rodi, kile chuma cha mviringo kinachoingia na kutoka ndani ya shokapu, na hapa nakuomba usikilize vizuri. Muuzaji atakuonesha springi iliyopakwa rangi mpya na mwili unaong'aa. Wewe mwambie ainue kile kipira cha chini kinachozuia kugonga, kwa sababu kutu hupenda kujificha chini yake. Pangusa rodi kwa kitambaa, kisha pitisha ukucha juu hadi chini, pande zote. Ukucha ukinasa kwenye vishimo vya kutu, iache. Kila rodi ikipanda na kushuka, vishimo hivyo vitaitafuna sili mpya, ule mpira unaozuia oili isitoke, na oili itatoka tena hata ungekuwa na fundi bora Zanzibar nzima. Mkwaruzo mdogo wenye ncha unaweza kuulainisha kwa msasa wa maji namba 2000, ukisugua kwa kuzunguka rodi. Lakini kromu iliyobanduka haitengenezwi kwa msasa. Shokapu chafu inayovuja, yenye rodi safi, ni bora mara nyingi kuliko ile inayong'aa. Sili inanunulika, bushi mkereza vyuma atakuchongea, springi itapakwa rangi. Rodi ndiyo unayoilipia.

Kufungua kunataka heshima. Legeza kola za springi, zile nati za mviringo zinazoibana, mpaka mwisho kabla ya kugusa kitu kingine. Springi iliyobanwa inaweza kumvunja mtu taya. Kama kichupa cha gesi cha shokapu kina valvu mfano wa ile ya tairi, toa gesi yote, ukiwa umeuweka uso pembeni. Ndani utakuta sahani nyembamba za chuma juu ya pistoni. Zitunge kwenye waya kwa mpangilio ule ule ulivyozitoa, maana mpangilio wao ndio ulaini na ugumu wa shokapu.

Oili iwe ya shokapu, nyepesi. Usitie ya injini: ni nzito mno, na gurudumu halitawahi kurudi kabla ya shimo la pili. Jaza polepole, sukuma rodi taratibu mpaka mapovu yaishe, kisha iache itulie na urudie tena.

Gesi ni naitrojeni, kavu na isiyoungua. Shokapu nyingi za aina hii hutaka karibu PSI 150, lakini fuata kitabu cha modeli yako. Usidanganyike kutia oksijeni ya wachomeleaji: oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na oili inaweza kulipuka. Naitrojeni utaipata kwa mafundi wa friji na viyoyozi, wale wanaohudumia mahoteli. Wao huitumia kutafuta mivujo, na mitungi yao ina regyuleta ya kupimia. Mkubaliane bei kwanza, na umwambie fundi akupandishie kidogo kidogo.

Ukishaifunga, kaa juu ya pikipiki na nguo zako za safari, mwenzako apime nyuma imeshuka kiasi gani. Theluthi moja ya mwendo mzima wa gurudumu kupanda na kushuka ndiyo ya kuanzia. Ikizidi, kaza kola, ikipungua, legeza.

Kisha kata kipande cha tyubu kuukuu ukifunge mbele ya shokapu, kati ya tairi na rodi, kiwe pazia la kuzuia mchanga na vijiwe vya matumbawe. Na ukipita ufukweni, siku hiyo hiyo osha viungo na rodi kwa maji baridi ya mferejini, bila kuelekeza mpira wa maji kwenye sili.